Kahawa Si Chakula

Kwanza tuelewane juu ya kahawa, maana wageni huwa hawaelewi. Huku kwetu Buhaya kahawa hailiwi, inatafunwa. Buni huchumwa, zikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikafungwa kwenye jani la mgomba. Mgeni akifika hupewa mbili tatu kabla hata hajaulizwa habari za alikotoka. Akizikataa amemtukana mwenye nyumba, na akizipokea hajala kitu, amesalimiana tu. Mtoto anayetambaa analijua hilo, na Kokubanza alilijua kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo yaliyotokea siku ya mtihani wake yananiudhi mpaka leo, ingawa namwelewa. Mtu aliyechoka usimpe mizani ashike.

Kokubanza alikuwa muuguzi msaidizi katika hospitali moja mjini Bukoba, miaka ile ya Waingereza. Kwao ni Nshamba. Usaidizi wenyewe usikudanganye kwa jina. Alimwaga mikojo, alifua mashuka yenye damu, aligeuza wagonjwa wasiojiweza na kuwalisha uji kwa kijiko, na akimaliza kitanda cha mwisho, cha kwanza kilikuwa kimeshachafuka. Alikwenda peku, kwa sababu wasaidizi hawakupewa viatu, na saruji ya wodi ilikuwa imempasua visigino. Juu yake walikuwa manesi wa beji. Wao walikuwa na mkanda kiunoni, viatu vyeupe miguuni, na beji kifuani ya kuonyesha kwamba majina yao yameandikwa Dar es Salaam katika orodha ya wauguzi kamili. Daktari akiwaita alisema, "Nesi, tafadhali." Kokubanza aliitwa, "Wewe, njoo."

Ilikuwapo njia ya kutoka huku kwenda kule. Msaidizi aliyependekezwa aliruhusiwa kusoma huku anafanya kazi. Ukilisema hivyo haraka haraka linasikika jambo jepesi. Alifanya zamu yake, akaingia darasani na miguu imevimba, akakariri majina ya mifupa kwa Kiingereza, kisha akarudi wodini kwa sababu kuna mwenzake aliyeugua. Mumewe alikuwa amekwenda Uganda kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi. Watoto wake wawili walikaa Nshamba kwa mama yake, na safari moja alipokwenda kuwaona, yule mdogo alimwita shangazi. Kokubanza alicheka pamoja na watu. Baadaye alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akalia mpaka akachoka na kulia kwenyewe.

Mtihani wa kwanza Kiingereza kilimshinda. Wa pili alisinzia. Sitanii, alisinzia juu ya swali la figo, akashtuka wenzake wanasimama kutoka. Wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho. Baada ya huo msaidizi alibaki msaidizi mpaka mgongo ukatae.

Mjini kulikuwa na duka la Ramniklal, na mkewe Urmila ndiye aliyeuza viatu. Tangu mwaka Kokubanza alipoanza masomo, Urmila alikuwa amemwekea pea moja ya viatu vyeupe kwenye rafu ya juu. Kila mara Kokubanza alipopita dukani kununua sabuni au chumvi, Urmila alielekeza kidole juu. "Vipo, dada. Sijamwuzia mtu." Alisema kwa wema, lakini mwaka wa tatu Kokubanza alianza kununua sabuni kwingine.

Karatasi za mtihani wa tatu alizipita. Ikabaki sehemu ya vitendo. Mtahiniwa alitakiwa kumtayarisha mgonjwa wa upasuaji na kumfikisha mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mbele ya macho ya msimamizi aliyetumwa kutoka nje. Msimamizi wa mwaka ule alikuwa Sista Prewett, Mwingereza aliyekuja kwa meli kutoka Mwanza, mwembamba, mwenye kukohoa kohoa. Hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema ili usimtafutie lawama isiyo yake. Kiswahili alikijua vizuri. Kihaya hakukijua hata salamu.

Mgonjwa alikuwa Mzee Rugaibula wa Ijumbi, aliyekuja kupasuliwa ngiri. Ijumbi na Nshamba ni majirani, na Kokubanza alimjua tangu utotoni. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, lakini sifa yake kubwa ilikuwa mipaka. Majirani wawili wakigombania kibanja, shamba la migomba, aliitwa yeye. Alitembea polepole katikati ya migomba, akakumbuka nani alipanda mti gani na baba wa nani alikuwapo, halafu akasimama na kusema, "Mpaka ni hapa." Ugomvi uliishia hapo. Hakuwahi kuapishwa, maana hakuna aliyeona haja.

Asubuhi ya mtihani Kokubanza alitoka moja kwa moja kwenye zamu ya wodi ya watoto. Alinawa uso, akafunga aproni safi, akaenda kusimama kando ya kitanda cha mzee. Mtoto wa kike wa Kihaya akikutana na mzee kama yule hupiga magoti. Lakini wodini ilikuwa marufuku, sakafu ina vijidudu, nesi hapigi magoti. Basi alimwamkia amesimama, na kwa Kiswahili, ili Sista Prewett asikose neno. Mzee alimtazama kidogo, kama mtu aliyepewa kiti chenye mguu mfupi, halafu akaitikia.

Kokubanza aliuliza swali kama lilivyokuwa kitabuni. "Mzee, tangu jana jioni umekula au kunywa kitu chochote?"

"Sijala, mwanangu," alisema mzee. "Wala maji."

Sista Prewett aliinamisha kichwa kwa kuridhika. Kokubanza akaendelea. Alimpima mapigo ya moyo, akamwosha, akamvika gauni la upasuaji, akamhamishia kwenye kitanda cha magurudumu pasipo kumtikisa. Kila kitu alikifanya vizuri. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi ile miaka na miaka kwa niaba ya manesi wa beji waliokuwa wakinywa chai.

Walipita barandani, penye wagonjwa wanaoota jua na jamaa waliokuja kuwaona. Walipofika mlangoni, mzee aliinua kichwa akamwuliza kwa Kihaya kama hiyo dawa ya usingizi inauma. Kokubanza aliinama amjibu. Hapo harufu ikampata, ile ya majani na moshi, ya sebule ya kila nyumba aliyowahi kuingia. Akaona shavu la mzee limetuna kidogo upande mmoja.

Alielewa yote palepale. Jamaa zake mzee walikuwa wamefika alfajiri kwa lori kutoka Ijumbi. Mtu anaingia kukatwa tumbo, utamwagaje bila kumpa kahawa? Wakampa, akapokea, wakatafuna pamoja, wakaomba Mungu. Na alipoulizwa kama amekula, alijibu kweli tupu.

Siku hizo watu walilazwa usingizi kwa dawa ya etha. Kilichomo tumboni kiliweza kupanda na kumziba mgonjwa pumzi, na kilichomo mdomoni kiliweza kushuka kikafanya vilevile. Kokubanza alikwisha kumwona mwanamke mmoja akifa hivyo. Kwa hiyo hapo hakusita, na hiyo nampa haki yake. Alishika kitanda kikasimama.

"Sista, mgonjwa ana kahawa mdomoni."

Daktari alitoka na glavu mkononi, akasikia, akakasirika. Alisema mgonjwa huyo arudishwe, atangoja siku ya upasuaji ya wiki ijayo, na aletwe anayefuata. Mlango ukafungwa. Wakabaki barandani Sista Prewett, Kokubanza, na mzee amelala juu ya magurudumu, anatema maganda kwenye kiganja chake kwa adabu.

"Ulimwuliza," alisema Sista Prewett kwa Kiingereza. "Nilikusikia."

"Ndiyo, Sista."

"Naye akasema hajala."

"Ndiyo, Sista."

"Ni lazima nitoe sababu. Ama muuguzi hakuuliza inavyopasa, ama mgonjwa alidanganya. Mimi nilisikia ukiuliza vizuri kabisa. Niambie tu. Alidanganya?"

Mlango wa kuponea ulikuwa wazi namna hiyo. Lakini pembeni yake palikuwa na mwingine, nao Kokubanza aliuona. Angeweza kueleza habari ya kahawa. Angeweza kusema kwamba huyu mzee hajui hata kudanganya, kwamba kutafuna si kula. Na Sista Prewett, ambaye hakuwa mjinga, angemwuliza, "Kumbe ulijua watu wako wanatafuna? Mbona basi hukumwuliza juu ya hilo?" Jibu lake lilikuwa moja tu, kwamba alisahau. Alisahau kwa sababu alikuwa amesimama badala ya kupiga magoti, anasema maneno ya kitabu, na kwa muda ule mfupi hakuwa Mhaya, alikuwa mtahiniwa. Mtihani wa nne haukuwapo. Visigino vilimwuma. Alimkumbuka mtoto aliyemwita shangazi. Zaidi ya yote alitaka kukaa kitako, mahali popote, asiulizwe tena kitu na mtu yeyote.

"Ndiyo, Sista," alisema. "Alidanganya."

Sista Prewett alimgeukia mzee. Hakupaza sauti. Alisema kwa Kiswahili safi, kama mwalimu wa watoto wadogo, na baranda nzima ikasikia. "Mzee, umesema uongo. Uongo hospitalini unaweza kuua mtu."

Mzee Rugaibula hakumtazama Sista. Alimtazama Kokubanza, wala hakuwa na wasiwasi, maana aliona pana mtoto wa nyumbani hapo. Alisema kwa Kihaya, taratibu, kama anavyosema penye mpaka. "Mwanangu, mweleze. Mwambie kahawa si chakula."

"Anasema nini?" aliuliza Sista Prewett.

"Anaomba radhi," alisema Kokubanza kwa Kiingereza.

Mzee alikuwa amesoma Kiingereza kiasi cha kuhesabu magunia. Sijui kama alielewa. Lakini aligeuza uso ukutani, na Kokubanza akamsukuma kurudi wodini katikati ya watu ambao sasa walikuwa wakitazama miguu yao.

Maulida, msaidizi mwenzake, ndiye aliyempokea mgonjwa. Alikuwa amesikia yote. Alingoja mpaka Sista Prewett ameondoka, akamvuta Kokubanza kwenye chumba cha mashuka.

"Mimi si Mhaya, nimekuja huku kuolewa, na hata mimi najua kahawa si chakula. Wewe umepatwa na nini?"

"Nimechoka, Maulida."

"Sote tumechoka," alisema Maulida, akachukua mashuka yake akaenda zake.

Kokubanza aliomba abaki wodi ya watoto. Mzee Rugaibula alipasuliwa wiki iliyofuata, salama, na mikono mingine ikamwuguza. Lakini lori la jamaa zake lilikuwa limetangulia Ijumbi, na maneno hayalipi nauli. Yakafika kwamba mzee aliitwa mwongo na Mzungu mbele ya watu, na nesi Mhaya alikuwapo hakumtetea. Basi ukatokea ugomvi wa kibanja, mzee akaitwa kama kawaida, akatembea, akasimama, akasema mpaka ni hapa. Kijana mmoja wa upande ulioshindwa akanong'ona kwa sauti, "Si huyu aliyewadanganya madaktari?" Watu walimkemea, lakini wapo waliocheka. Ugomvi uliofuata wakamwita mtu mwingine.

Habari hizo Kokubanza alizipata kwa mama yake, aliyezisema bila kujua anamwambia nani. Wiki hiyohiyo beji ikafika.

Alikwenda dukani kwa Urmila. Urmila alipanda kwenye stuli akavishusha viatu, akavipangusa vumbi kwa upindo wa sari yake, akamkumbatia. Kokubanza alivijaribu palepale. Vilimbana. Miaka ya kwenda peku ilikuwa imepanua miguu yake, na visigino vilivyopasuka viliuma zaidi ndani ya ngozi ngumu kuliko juu ya saruji. "Vitalegea," alisema Urmila. Kokubanza alisema ndiyo, vitalegea, akavilipia.

Alipangiwa kazi upande wa Muleba, karibu na nyumbani, jambo aliloliomba kwa Mungu miaka yote ile. Mama yake akaandaa karamu Nshamba. Ndizi zilipikwa, pombe ya lubisi ikakamuliwa, mchungaji akaalikwa na majirani wakajialika. Mama alimlazimisha avae sare nyeupe, mkanda, viatu na beji, ili watu waone kwa macho yao. Yule mtoto mdogo alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Shikamoo, Sista," akakimbilia kwa bibi yake. Watu wakacheka tena. Safari hii Kokubanza hakuweza kucheka.

Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Mama alidhani ni furaha.

Kabla sahani hazijagawiwa, watu waliosimama kwenye njia ya kutoka barabarani walipisha. Mzee Rugaibula alikuwa anakuja, kwa mguu, na fimbo, polepole kama mtu ambaye tumbo lake bado linavuta. Hakuna aliyemwalika. Hakuna pia aliyethubutu kumwuliza amefuata nini. Alipewa kiti, akakaa, akapumua. Mama akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya mgeni. Mzee akakisogeza kando kwa upole. Akatoa mfukoni kifurushi chake mwenyewe cha jani la mgomba.

"Nimekuja na yangu," alisema.

Kokubanza alikwenda mbele yake akapiga magoti, na sare yake nyeupe, kwenye nyasi na matope ya uani. Mama yake aliguna kwa ajili ya gauni.

"Kasinge waitu, tata," alimsalimu kwa Kihaya, akimwita baba, salamu aliyopaswa kumpa siku ile wodini.

Mzee alifungua jani. Akachukua buni moja akaitafuna yeye kwanza, kama inavyotakiwa, ili mpokeaji ajue hakuna ubaya. Kisha akampa mbili. Kokubanza alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka mdomoni. Zilikuwa chungu na tamu kidogo, za kawaida kabisa.

Hapo mzee aliacha Kihaya. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mpakani, iliyozoea kuwafikia watu walio mbali.

"Sista, nami nikuulize. Tangu jana jioni umekula au kunywa kitu chochote?"

Wachache walidhani ni utani wakatabasamu. Waliokuwa barandani siku ile hawakutabasamu. Kokubanza alikuwa na kahawa shavuni. Aliona aibu kiasi kwamba masikio yalimwaka moto, na bado jibu lilikuwa moja tu duniani, na lilikuwa kweli.

"Sijala, tata," alisema. "Wala maji."

Mzee aliwageukia watu. "Mmemsikia. Anatafuna, na anasema hajala. Kuna mtu hapa atakayemwita mwongo?"

Yule kijana aliyenong'ona penye mpaka alikuwapo pia, kwenye lubisi, akashusha kibuyu chake. Mzee alikuwa kama amelitembea shamba, amefika mpakani, na sasa alisimama kumngojea mwenye upande wa pili aseme mwenyewe. Kokubanza alielewa kwamba angeweza kunyamaza. Mzee alikuwa ameshajisafisha, na beji hakuna ambaye angekuja kuivua. Alikuwa amechoka bado. Aligundua kwamba hakuna siku ambayo angekuwa hajachoka, na kwamba akingoja siku hiyo hatasema kamwe.

"Tata naye alikuwa hajala," alisema, akiwa bado magotini, akijitahidi sauti ifike nyuma. "Sista wa Kizungu aliniuliza kama mzee amedanganya, nikasema ndiyo. Mzee akaniomba nimweleze habari ya kahawa, nikasema anaomba radhi. Mwongo nilikuwa mimi."

Mama yake alishika kinywa. Mchungaji alitazama Biblia yake kama imemwita. Kokubanza alibaki pale chini, beji inaning'inia mbele yake, anangoja, hajui anangoja nini.

Mzee Rugaibula alifunga upya jani lake la kahawa, akalirudisha mfukoni.

"Basi leteni chakula," aliwaambia wanawake. "Huyu mtoto ana njaa."